Leva ya mashine ya espresso inalia: grisi gani, ipakwe wapi, na habari ya maji yetu ya Tanga

Mkuu, kama nimekuelewa, mashine yako ina kichwa cha E61 (ile sehemu ya mbele yenye leva, inayomwaga maji ya moto juu ya kahawa), ndugu yako kakuletea kutoka Italia, uko Chumbageni, na sasa leva imekuwa nzito na inalia kila ukiinyanyua. Fundi kakwambia uitie mafuta ya cherehani, nyumbani wamesema mafuta ya mgando yanatosha. Yote mawili achana nayo. Ninayo ya aina hiyo hapa mjini, na nimeshafungua za jamaa kadhaa, pamoja na ya nyumba ya wageni moja kule Raskazone, kwa hiyo nitakueleza ninavyofanya.

Usiogope kuifungua. Kichwa hicho Faema walikitoa mwaka 1961 na viwanda vingi vimekiiga hadi leo. Ni shaba nyeupe iliyopakwa kromu, nati, springi na oringi (pete za mpira za kuzuia maji), basi. Aliyewahi kufungua pampu ya maji hashindwi.

Ndani yake leva inazungusha kamu (kipande chenye nundu), na kamu inasukuma pini za valvu. Ni chuma juu ya chuma, ndani ya maji ya moto, na kinachovitenganisha ni utando mwembamba wa grisi. Sasa, umeandika kwamba kila wikiendi unaisafisha kichwa kwa ule unga wa kusafishia mashine za kahawa, ukitumia kikapu kisicho na matundu. Hapo ndipo penye kesi. Unga ule kazi yake ni kung'oa mafuta, na haubagui mafuta ya kahawa na grisi ya kamu. Mashine ya nyumbani inayotoa vikombe vitatu vinne kwa siku haihitaji unga kila wiki. Kila siku ukimaliza, safisha kwa maji matupu na kikapu hicho hicho: nyanyua leva kama sekunde kumi, shusha, rudia mpaka maji yatoke meupe. Unga weka mara moja kwa mwezi, nusu kijiko cha chai, na ukishatumia unga ndiyo siku ya kufikiria grisi.

Kuhusu aina ya grisi, hapa ndipo watu wanapoharibu. Maji yanapita kichwani yakiwa na joto la nyuzi 90 na kitu, na pampu inasukuma kwa presha ya bar 9. Mafuta ya mgando yanayeyuka hata kabla ya nyuzi 70, kwa hiyo hayakai, yatateremka kikombeni. Kibaya zaidi yanatokana na petroli, na oringi za EPDM (aina ya mpira), ambazo ni nyingi kwenye mashine hizi, zikikutana na mafuta ya petroli zinavimba na kulegea. Mafuta ya cherehani ni ndugu wa hayo. Grisi ya bearing ya gari sitaki hata kuizungumzia, wewe unakunywa kile kitu. Kuna bwana mmoja hapa Ngamiani alipaka mafuta ya nazi akidhani kwa kuwa yanalika basi hayana madhara. Hayana madhara tumboni, ila kwenye kamu, kwa moto ule, yanageuka kuwa kitu cha kunata na leva inakuwa nzito kuliko mwanzo.

Unachotaka ni grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyakula na maji ya kunywa. Molykote 111 ndiyo inayotajwa sana na watu wa mashine hizi, lakini si lazima iwe hiyo. Soma kwenye tyubu: ukiona NSF H1 (alama ya grisi zinazoruhusiwa penye vyakula), au imeandikwa kwamba inafaa kwa vifaa vya maji ya kunywa, na inavumilia joto la nyuzi 150 kwenda juu, chukua. Ukiagiza Dar inakuja na basi. Tyubu ndogo utakaa nayo miaka. Angalizo moja: gaskiti au oringi ikiwa yenyewe ni ya silikoni (ile laini, mara nyingi ya buluu au nyekundu), usiipake grisi ya silikoni, nayo itavimba.

Sasa kufungua. Zima, chomoa waya ukutani, iache ipoe kabisa. Halafu fungua bomba la mvuke mpaka geji ya boila isome sifuri; boila ikiwa kazini ina nyuzi kama 120, usifanye haraka. Fungua ile nati kubwa ya pembeni inayoshika leva, kwa spana inayoikaa sawasawa, na funga kitambaa kwanza usije ukachubua kromu. Leva itatoka na kamu yake. Utaona uji mweusi umeganda kwenye mabega ya kamu, pale inapokaa ndani ya bushi. Ule ni grisi ya zamani pamoja na unga wa shaba uliosagika. Ufute wote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha shika kamu mbele ya dirisha, ipitishe ukucha wa kidole gumba kwenye ile sehemu inayogusa pini. Ikiwa laini, umewahi. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, grisi itatuliza kelele wiki chache tu. Agiza kamu na pini yake pamoja, maana pini ya zamani itaichimba kamu mpya.

Grisi paka kidogo, kama chembe ya mchele kila mahali: mabega mawili ya kamu, uso unaogusa pini, na oringi ya shina la leva. Isambaze kwa kidole mpaka ubaki mng'ao tu. Usijaze. Inayozidi inasukumwa chini kwenye chujio la juu na kahawa yako itaelea matone ya mafuta. Kama bomba la mvuke nalo linagoma kuzunguka, oringi za shina lake zinataka huduma hiyo hiyo. Ukikuta oringi imekatika, usikimbilie duka la mabomba: zile nyeusi za kawaida nyingi ni NBR (mpira wa aina nyingine), zinafaa kwa maji ya bafuni, lakini kwenye nyuzi 120 za boila zinakauka na kupasuka.

Gaskiti kubwa unayoibana kwa mkono wa kahawa (ule unaoshika kikapu) haihitaji grisi. Ikiwa ngumu kama mfupa na mkono unapitiliza katikati ukiufunga, ibadilishe. Nyingi za E61 ni unene wa milimita 8 au 8.5. Usipime ile ya zamani ukaagiza kwa kipimo hicho, imeshakandamizwa.

Nimalizie na maji, maana nadhani ndiyo yatakayokuumiza baadaye kuliko leva. Maji ya bomba hapa yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, yanateremka kutoka Usambara Mashariki. Masika yanakuja na tope, chujio la kawaida linalimudu. Umesema siku maji yakikatika unatumia ya kisima. Usithubutu. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chokaa, mengine na chumvi ya bahari. Chokaa utaiona birikani, na kwenye boila unaweza kuiondoa kwa asidi ya sitriki, ingawa asidi nayo inaondoka na grisi. Chumvi haina dawa: inakula shaba na hata chuma cha pua kwa vitobo vidogo, na siku ukigundua boila inavuja. Weka akiba ya madumu ya bomba, au nunua ya chupa ukisoma lebo na kuchagua yenye kloridi ndogo. Ila usiende upande wa pili ukatumia maji yaliyokenekwa ya betri. Kijiti kinachopima kina cha maji ndani ya boila kinategemea maji yapitishe umeme kidogo. Kikikutana na maji matupu kabisa kinadhani boila ni kavu, na pampu inaendelea kujaza.

Ukishafungua weka picha ya kamu hapa, ile sehemu ya ukucha, karibu na kwenye mwanga. Kama ina mfereji, nitakwambia vipimo vya kuangalia kabla hujaagiza, maana kamu za E61 zinafanana kwa macho lakini si zote zinaingiliana.