Mti Unakauka? Fukua Shina Kwanza

Vuli inakaribia, na maswali ya miti inayokauka yamekuwa mengi. Nayajibu machache.

Mwashoki wangu hapa Chumbageni, Tanga, umegeuka njano na ncha imekauka. Nimeshauwekea urea mara mbili. Niongeze?

Usiongeze hata punje. Mti ulioumia mizizi hauwezi kuila mbolea hiyo. Chumvi yake inazidi kuikausha mizizi iliyobaki. Katika picha yako naona pevingi ya vitofali imebana mpaka kwenye gome, na chini yake bila shaka kuna kifusi cha ujenzi. Tatizo lako ndilo hilo, na ndilo la nusu ya miashoki ya mji huu.

Toa vitofali, angalau mita moja kila upande. Fukua taratibu kwa mkono na kijiti mpaka uone shina linapotanuka kuwa mizizi. Sehemu hiyo haitakiwi kufunikwa hata kidogo. Gome likizikwa hulowa na kuoza, na chakula kinachotoka majanini hakishuki tena mizizini. Ukikuta mzizi mwembamba umelizunguka shina, ukate kabla haujalinyonga. Mizizi ya namna hiyo huanzia kitaluni: mche umekaa kwenye kiriba, yaani kifuko cha nailoni cha kuoteshea, muda mrefu mno, kisha mtu akaupanda bila kuinyoosha mizizi, au akaupanda na kiriba chake. Nimefukua miti mikubwa nikakuta nailoni bado imeibana mizizi, na inaniuma kila mara, kwa sababu kuichana ni kazi ya dakika moja tu.

Tazama pia majani machanga. Yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, mti umekosa madini ya chuma. Saruji na kifusi vina chokaa, na sehemu nyingi za Tanga ardhi yenyewe ni ya mawe ya chokaa. Chuma kinakuwemo udongoni lakini mti haukipati. Urea haitibu hilo. Ondoa kifusi, weka mboji, mwagilia maji mengi mara moja kwa wiki, mbali kidogo na shina. Ncha iliyokufa ikate mpaka ufike penye uhai, kisha ungoje mvua.

Dawa gani nzuri ya mti unaokauka?

Mti gani? Wa umri gani? Unamwagiwa maji ya bomba au ya kisima cha chumvi? Kumejengwa nini karibu nao? Nimeshaomba mara nyingi mambo haya yaandikwe. Usipoyasema, ukienda duka la pembejeo utauziwa sumu iliyopo rafuni, na mti utakufa vilevile.

Mkrismasi wetu umepukutisha majani yote. Tuukate?

Msiukate! Hupukutisha wakati wa ukame. Kwangua kitawi kwa ukucha. Kukiwa na kijani chenye unyevu, mti uko hai.

Mwanangu ameniletea kutoka Ujerumani mche wa mepo ya Kijapani, yenye majani mekundu. Nimeuweka kwenye chungu barazani Raskazone. Kingo za majani zinaungua. Ni ugonjwa?

Shikamoo mama. Kingo zikiungua mti mzima kwa pamoja, kwa kawaida ni jua, upepo wa chumvi na chungu kinachopata moto. Ugonjwa wa mepo unaoogopwa ni vertisiliamu, kuvu wa udongoni anayeziba njia za maji. Huo mara nyingi hunyausha tawi moja huku mengine yakiwa mazima, na ukilikata tawi hilo mshazari unaweza kuona michirizi myeusi ndani. Hauna dawa.

Utoe mche chunguni uitazame mizizi. Iliyo myeusi, laini na yenye harufu imeoza kwa maji yaliyotuama. Ikate, badilisha udongo, ondoa kisahani. Kisha uweke mahali penye jua la asubuhi tu, nyuma ya ukuta unaozuia upepo wa bahari, na uunyweshe maji ya mvua. Mbolea usiweke.

Lakini sitakudanganya. Asili ya mti huu ni Japani, Korea na China, na kila mwaka unahitaji majira ya baridi ili ulale. Tanga haina baridi hiyo. Kama una ndugu Lushoto, mpelekee. Huko angalau utapata nafuu ya joto. Ukitaka wekundu hapo pwani, panda mkungu: unastahimili chumvi, na majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka.

Na mwambie mwanao, mche hauingizwi nchini kwenye begi. Unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka. Donge moja la udongo linaweza kuleta ugonjwa utakaofika mashamba ya watu wasiojua hata mepo ni nini.

Fundi ameniambia nipake oili chafu shinani kuzuia mchwa.

Usikubali. Oili inaua gome na kuharibu udongo. Futa njia za mchwa kwa brashi uone gome lililo chini yake. Mara nyingi wanakula sehemu iliyokwisha kufa, tafuta kilichoiua. Wala usipake rangi mahali ulipokata tawi. Kata nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapotokea kwenye shina, mti utajiziba wenyewe.

Bogenvilia yangu ina majani tu, haitoi maua.

Punguza maji, acha mbolea, ipeleke juani.