Analizi inakushinda? Anza na aljebra

Mdogo wangu, umesema ulimaliza seksheni ya pedagojia Bukavu, sasa uko mwaka wa kwanza wa uchumi hapa Lubumbashi, na kwenye somo la hesabu la Analizi, tangu walipoingia kwenye limiti huelewi kitu. Unauliza kama ubadilishe fakilti. Usibadilishe bado.

Limiti yenyewe haina makuu: ni namba ambayo jibu linaikaribia, x inapokaribia namba fulani. Kinachokukwamisha, naona, ni aljebra ya sekondari. Chukua (x² − 9)/(x − 3), x ikikaribia 3. Ukiweka 3 moja kwa moja unapata 0/0, na wengi hapo huandika "sifuri" wakafunga daftari. Lakini x² − 9 ni (x − 3)(x + 3). Kwa kuwa x inaikaribia 3 bila kuwa 3 yenyewe, x − 3 si sifuri, basi unaweza kuikata juu na chini. Inabaki x + 3. Jibu ni 6. Umeona? Kazi yote ilikuwa kutafuta vigawo.

Kwa hiyo rudia kwanza vigawo, sehemu na vipeo, kisha trigonometria. Derivativi (kipimo cha jinsi kitu kinavyobadilika) zina kanuni zake, hizo zitaingia haraka.

Silabasi, yaani kitini cha somo, usiisome kama gazeti: funika suluhisho, fanya mwenyewe kwa kalamu, ndipo ulinganishe. Vikao vya mazoezi vya asistenti usikose. Na zile intero (majaribio) za zamani zinazozunguka homu, bwenini (najua unazo tayari!), zifanye upya badala ya kuzikariri, mwalimu akibadilisha namba tu, aliyekariri amekwisha.