Kabla hujasaga basalti za tao: kwa mnaoanza maabara

Wadogo zangu, juzi nimemkuta mwenzenu mlangoni pa chumba cha kusagia, mfuko wa basalti za tao la Nikaragua (tao ni safu ya volkano juu ya bamba la dunia linalozama) begani, anakwenda moja kwa moja kwenye kinu cha tangsteni kabaidi. Nilipiga kelele kama aliyeona nyoka. Haya, naandika.

1. Acheni kuandika "bamba linayeyuka likawa magma". Mara nyingi haliyeyuki. Linazama, linabanwa, linapata joto, madini yake yanatema maji, na maji yale yakipanda yanaifanya mantili (mwamba ulio chini ya gamba la dunia) ya juu yake iyeyuke kwa joto dogo zaidi. Ba (bariamu) na Pb (risasi) hupanda na maji. Th (thoriamu) haijisumbui mpaka mashapo yenyewe, yaani matope ya bahari yaliyozama na bamba, yayeyuke. Ndiyo maana uwiano wa Ba/Th (alama ya maji) na wa Th/Nb (Nb ni niobi; alama ya mashapo) hazisemi jambo moja.

2. Kinu. Hapa mnivumilie.

Kazi nilijifunzia kwenye mawe ya Rungwe. Mawe ya Bonde la Ufa yana Nb na Ta (tantali) za kumwaga. Kinu kikiongeza chembe, nani ataona? Basalti za tao ni maskini: zangu zilitakiwa kuwa na Ta isiyofika hata 0.1 ppm (sehemu kwa milioni). Nikasaga kwa mazoea, kwenye kinu cha tangsteni kabaidi. Matokeo yakaja, Nb imezama kama inavyopaswa, Ta imesimama wima. Nb/Ta ikawa 4, pahali ambapo ungetegemea kumi na kitu. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahi! Nikatunga kwamba rutili (madini ya titani) ndani ya bamba imeishika Nb na kuiachia Ta, bila kujiuliza kama madini hayo huwatenganisha ndugu wawili hao kiasi hicho. Nikachora bango, mishale ya rangi tatu, nikasimama nalo mbele ya wenye mvi. Hakuna aliyeuliza swali, nikadhani nimewaweza.

Fundi wa maabara, mzee asiyependa maneno, akapita na kikombe chake cha chai. "Kijana, W yako ngapi?" Safu ile, ya tangsteni, sikuwahi kuitazama. Tukafungua faili palepale: W ilikuwa 90 ppm, na jiwe la namna ile kwa kawaida halifikishi hata 1. Kobalti, inayogandisha kabaidi ya kinu, nayo imepanda. Mzee akanywa chai, akaondoka. Miezi saba nilikuwa napima kinu, na mawe nilikuwa nimeyasaga yote.

3. Jiwe lililochakaa, LOI (uzito unaopotea jiwe likichomwa) juu: hiyo Ba huenda ni kazi ya mvua, si ya bamba.

4. Kuonyesha kwamba mashapo yamezama yakarudi, hakuna kama 10Be (beriliamu yenye mionzi). Huundwa angani, hutua kwenye matope ya bahari, na nusu yake huisha kwa miaka milioni 1.39 tu, kwa hiyo ikionekana kwenye lava, safari haikuwa ndefu. Nikaragua inayo tele. Kosta Rika, jirani tu, kidogo sana, na bamba ni lilelile la Cocos. Nilimsimulia mama kwa simu. Akasema, "Kwa hiyo tope la baharini linatokea mlimani?" Muhtasari wa tasnifu yangu una kurasa mbili na hausemi vizuri hivyo.

Na wewe mwenye mfuko: kinu cha akiki kiko kabati la chini, kushoto. Saga mchanga wa kwatzi kwanza, umwage, ndipo uanze. Na bakiza kipande cha kila jiwe.