Usipake vanishi juu ya nyeusi ya kaboni

Mkuu, hiyo vanishi iweke chini kwanza. Umesema unajenga darubini, umenunua unga wa nanotyubu za kaboni (vijibomba vya kaboni vyembamba mno, havionekani kwa macho), unataka kuuchanganya na rangi ya akriliki upake ndani ya bomba, halafu ufunike kila kitu kwa vanishi isiyong'aa ili unga usipukutike. Umeuliza uwiano, umeuliza brashi au kupuliza, umeuliza tabaka ngapi. Hayo yatasubiri. Hiyo hatua yako ya mwisho ndiyo inayoua kazi yote, na nilipoisoma nilishtuka kwa sababu ndiyo niliyoifuata mimi, kwa ushauri wa muuzaji.

Weusi wa namna hii hautokani na wingi wa kaboni. Unatokana na nafasi tupu zilizo katikati ya kaboni. Mwanga ukitoka hewani ukakutana ghafla na kitu kizito zaidi, sehemu yake inarudi palepale juu, kabla kaboni haijapata hata nafasi ya kuumeza. Kipimo cha mpindo wa mwanga cha hewa ni 1. Cha vanishi na akriliki ni karibu 1.5. Tofauti hiyo peke yake inarudisha karibu 4% ya mwanga unaopiga wima. Chini ya hiyo vanishi weka kitu cheusi kuliko vyote duniani, ile 4% iko palepale.

Na hapo nazungumzia mwanga unaopiga wima. Ndani ya bomba la darubini mwanga wa pembeni unakuja umelala, karibu sambamba na ukuta. Ukipiga kwa nyuzi 80 kutoka wima, uso laini wenye kipimo cha 1.5 unarudisha karibu 39%. Thelathini na tisa! Vanishi "isiyong'aa" haing'ai ukiitazama usoni. Itazame kwa mlalo, kama kioo cha darubini kinavyoitazama, uone.

Kuna balaa la pili. Kimiminika kikipenya kati ya nanotyubu kisha kikaanza kukauka, mvutano wa uso wake unazivuta zikalala na kushikana mafungu mafungu. Zile nafasi zilizokuwa zinameza mwanga zinaziba, na kukausha tena hakuzifungui. Kwa hiyo vanishi inakuwekea ngozi inayoakisi juu, na chini yake inabomoa kile ulichokitolea pesa.

Bomba langu mchana lilipendeza kweli, ungesema halina ukuta. Usiku, mwezi ukiwa nje kidogo tu ya uwanja wa kuona, picha nzima ilijaa ukungu wa kijivu. Nikamulika tochi mdomoni mwa bomba kwa mlalo: mng'ao kutoka mwanzo hadi mwisho. Wazo lililofuata lilikuwa kupiga msasa nianze upya, na hapo ndipo hasara ilipokamilika, kwa sababu msasa unarudisha nanotyubu hewani. Mwaka 2014 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka aina moja ya nanotyubu, MWCNT-7, katika kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Huko Marekani, NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini, walipendekeza mwaka 2013 mfanyakazi asivute zaidi ya maikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Nyuzi ndefu na ngumu ndizo zinazotisha zaidi, zinafanana na asbesto kwa namna zinavyokwama mwilini. Sikuwa na chumba wala vichujio vya kazi hiyo. Bomba zima likaondoka kama taka hatari.

Muuzaji yule bado ananikera. Kwenye tangazo la kopo la unga aliandika 99.965%, yaani kiasi cha mwanga kinachomezwa. Hiyo si namba ya unga! Ni namba ya Vantablack, uso mweusi wa nanotyubu uliotangazwa na Surrey NanoSystems ya Uingereza mwaka 2014, ambako nanotyubu zilioteshwa juu ya bamba zikiwa zimesimama wima. Chuo cha MIT cha Marekani walipotangaza 99.995% mwaka 2019, nao walikuwa wameziotesha, juu ya karatasi ya alumini. Baadhi ya wanaotumia nyuso hizi kwenye vifaa vya anga za juu huziotesha pia. Ukinunua unga ukachanganya na rangi ukitarajia hayo, umenunua unga wa mbao ukidhani ni msitu. Nilipomuuliza kuhusu vanishi alinijibu kwa uhakika kabisa kwamba isiyong'aa "haiathiri weusi". Mtu anayeuza kitu hiki halafu hajui 4% ile inatoka wapi asishauri watu.

Kwa darubini yako huo unga wala hauhitaji. Weka pete za kuzuia mwanga ndani ya bomba, zenye ukingo mwembamba mkali, zipange hivi kwamba mwanga wa pembeni upige angalau mara mbili kabla haujafika kwenye kioo. Uso unaorudisha 5%, ukipigwa mara mbili, unabakiza 0.25%, mara tatu, 0.0125%. Hakuna kopo litakalokupa hivyo kwenye ukuta mtupu. Kati ya pete gundisha mahameli nyeusi au tumia rangi nyeusi isiyong'aa iliyochanganywa na unga wa mbao ili uso usiwe laini. Rangi hiyo nayo usiifunike na chochote. Ikipukutika, tatizo ni bomba lililokuwa na mafuta au vumbi kabla ya kupaka. Safisha, kwaruza, paka upya. Pete zipake kabla hujazifunga, ukingo wake usiache tone nene, maana tone lililokauka linang'aa.

Kabla hujafunga kioo, zima taa, mulika tochi kwa mlalo kutoka mdomoni na uchungulie kutoka upande kioo kitakapokaa. Usipime kwa macho ya mchana wala kwa picha iliyopigwa kutoka mbele. Kopo la unga kama halijafunguliwa, libaki hivyohivyo na ulirudishe.