Jua nililitengea mistari tisa

Mmeuliza wiki hii: maelezo yaliyorembwa mno huua hadithi, au ndiyo utamu wenyewe? Nitajibu kwa kujishtaki.

Katika hadithi yangu ya kwanza kulikuwa na mama anayekata roho wakati wa machweo. Jua nililitengea mistari tisa: likawa chungwa, likawa jeraha, likawa bibi harusi anayeburuta shela ya damu. Rafiki niliyempa asome akairudisha na swali moja tu: "Huyu mama amekufa au kalala?" Kifo chenyewe nilikuwa nimekizika ndani ya kishazi tegemezi, nyuma ya shela.

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikakubali ukweli: sikujua yule kijana aliyeketi kando ya kitanda angefanya nini na mikono yake, ndiyo maana nikakimbilia dirishani. Tangu hapo, nikijikuta naremba, hujiuliza nakwepa nini, na mara nyingi nakuta kuna jambo ambalo bado sijalifikiri.

Ugonjwa huu ni wa kale. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mshairi wa Kirumi Horace aliwacheka watunzi wanaoshonea kazi nzito viraka vya rangi ya zambarau ili ving'ae kwa mbali. Enzi hizo zambarau bora ilitokana na konokono wa baharini na bei yake haikushikika, kwa hiyo kiraka kilikuwa cha thamani kweli. Kwa mfano wa viraka hivyo alitaja kichaka cha mungu wa kike Diana, mto Rhine, upinde wa mvua. Hakudai kwamba ni vibaya; alisema hapo si mahali pake.

Ndiyo maana siungani na wanaotaka tufyeke kila kivumishi. Mhusika mwenye majivuno na aongee kwa mbwembwe, ni haki yake. Mtoto anayeiona bahari kwa mara ya kwanza, mwacheni amwage maneno. Ila mtu anayekimbizwa hana nafasi ya kuhesabu rangi za majani. (Wa "macho yake mithili ya nyota" siwahesabu. Hiyo si nakshi, ni usingizi.)

Hadithi niliiandika upya: "Jua lilizama. Kijana akainuka kufunga dirisha, akakumbuka kuwa mama hupenda liwe wazi, akalifungua tena." Safari hii rafiki yangu hakuuliza kitu. Mistari iliyobaki ipo kwenye daftari, na ule wa bibi harusi, nakiri, bado naupenda.