Majogoo wa manyoya ya kufungia nzi wa kuvulia: pima unyoya kabla ya kujenga banda

Ndugu yangu, umeuliza kama majogoo wako thelathini wa Plymouth Rock, wale wa mistari myeusi na myeupe, wanaweza kutoa manyoya ya kuwauzia wafungaji wa nzi wa kuvulia samaki aina ya trauti (nzi hao ni chambo bandia, ndoana iliyozungushiwa manyoya ili iige mdudu), na uwalishe nini ili manyoya yarefuke. Nianze na hilo la pili. Hakuna chakula kinachorefusha unyoya ambao jogoo hakuurithi. Chakula kibaya kitaharibu unyoya mzuri, basi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mfuko mmoja, kamata jogoo mmoja aliyekomaa umpime.

Chomoa unyoya mmoja wa kiunoni, yale yanayoning'inia mbele ya mkia kama pindo, na mwingine wa shingoni. Inua kila mmoja uelekee mwanga. Chini, upande uliokuwa karibu na ngozi, kuna manyoya laini ya malaika. Juu yake, pande zote mbili za uti (shina la katikati la unyoya), utaona sehemu nzito iliyofifia isiyopitisha mwanga vizuri: huo ni utando, na ndio unaofyonza maji. Nzi wa kuelea akifungwa kwa unyoya wenye utando mwingi, hulowa akazama. Kwa jogoo wa kawaida utando hupanda hadi nusu ya unyoya au kupita. Kwa jogoo wa kazi hii ni kabari nyembamba iliyobaki chini tu.

Sasa uzungushe unyoya huohuo kwenye sindano ya kushonea. Nyuzi zake, zile zinazotoka pande mbili za uti, zitasimama kama miale. Ziguse kwa mdomo wa juu: zikichoma kidogo, zina ugumu unaotakiwa, zikiwa laini kama pamba, hazifai kwa nzi wa kuelea. Tazama kama zinalingana urefu kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, na kama uti umezunguka bila kupinduka wala kukatika. Uti mnene hupinduka, na nyuzi zikalala upande. Mwisho pima kwa rula: urefu wa uzi mmoja uwe kama mara moja na nusu ya uwazi wa ndoana, yaani nafasi kati ya shina lake na ncha. Ndoana namba 14 inataka nyuzi za milimita 7 hadi 8 hivi, na kumbuka namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo. Ukikuta nyuzi za milimita 15, huo ni unyoya wa ndoana kubwa, na nzi wengi wa trauti hufungwa kwenye ndogo.

Nina hakika kubwa majogoo wako watashindwa kwenye utando na kwenye urefu wa nyuzi, na si kwa kosa lako. Ukoo wa kuku wa manyoya ya kufungia nzi umechaguliwa kwa unyoya peke yake kwa miongo mingi huko Marekani. Harry Darbee wa New York aliwafuga kwa ajili ya nzi alizokuwa akifunga mwenyewe. Andy Miner wa Minnesota akapata mayai kwake mwaka 1954 akaendeleza. Kutoka kwa Miner wakatoka kuku wa shamba la Metz kule Pennsylvania. Henry Hoffman wa Oregon ndiye aliyewafikisha mbali hao wa mistari, na mwaka 1989 mfugaji Tom Whiting akachukua ukoo wake kuupeleka Colorado. Unyoya wa kiunoni wa koo hizo hufungia nzi kadhaa. Wa jogoo wa kawaida ukifungia mmoja vizuri, shukuru.

Ukiamua kuanza kuchagua mwenyewe, kosa linalowarudisha wengi nyuma ni kumtazama jogoo na kumsahau tetea. Nusu ya unyoya wa kifaranga inatoka kwa mama, na mama haonyeshi manyoya marefu ya kiuno ukamhukumu kwa macho. Hukumu yake iko kwa wanawe. Kwa hiyo kila tetea awe na namba mguuni, mayai yake yaandikwe, vifaranga wavishwe pete siku ya kutotolewa. Majogoo wakikomaa, rudi kwenye daftari: tetea ambaye wanawe wana utando mpana anaondoka hata kama anataga kila siku. Bila daftari hilo utakuwa unabahatisha.

Kuhusu rangi, mistari inarithiwa kwa jinsia. Jogoo anaweza kuwa na dozi mbili za mistari, yaani moja kutoka kwa kila mzazi; tetea moja tu. Mwenye dozi mbili huwa mweupe zaidi; mwenye moja huwa mweusi zaidi. Ukimpandisha tetea wa mistari na jogoo mweusi, watoto wa kiume wote watakuwa na mistari na wa kike weusi, na siku ya kwanza tu unawatenga, kwa kuwa wa kiume wana doa jeupe kichwani. Hii inaokoa chakula kingi. Ile rangi ya kijivu cha moshi inayopendwa sana na wavuvi haijirudii yenyewe: kijivu kwa kijivu hutoa nusu kijivu, robo weusi na robo weupe wenye madoa. Mweusi kwa yule mweupe mwenye madoa hutoa kijivu watupu.

Vifaranga unawalea kama vifaranga wengine: bruda (chumba cha joto cha kulelea vifaranga) ya nyuzijoto 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukishusha kama nyuzi 3 kila wiki, na chanjo ya kideri usiikose (ile ya I-2 ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu). Tofauti inaanza majogoo wanapoanza kupigana, kwenye miezi minne au mitano. Hapo kila mmoja anahamia kizimba chake. Pambano moja tu linang'oa manyoya ya shingo yaliyochukua miezi kukua. Kizimba kiwe na nafasi ya kugeuka bila mkia na kiuno kusugua waya, kikavu, chenye hewa, na kivuli, kwani jua kali hugeuza nyeupe kuwa ya manjano.

Unyoya ni protini karibu yote, na unahitaji methionini na sistini, ambazo ni sehemu za protini. Dagaa na mashudu ya alizeti husaidia kuliko soya peke yake. Chakula kikikatika siku mbili, au kuku akiugua, unyoya uliokuwa ukiota siku hizo hubaki na mstari dhaifu wa kukata. Mfungaji akiuvuta, unakatika hapohapo. Kagua pia chini ya mkia kila wiki: chawa wa kuku hutafuna nyuzi zenyewe, na utitiri hujificha kwenye nyufa za mbao mchana.

Usichinje mapema. Jogoo hukamilika kwenye mwezi wa kumi hadi mwaka. Funua manyoya utazame mashina: yakiwa na damu au ganda la bluu, bado yanakua. Akichinjwa, usimtie maji ya moto. Chuna ngozi ya shingo kipande kimoja na ya kiuno kipande kingine, kisha kwangua mafuta yote kwa kisu butu. Hapa ndipo mali nyingi hupotea: mafuta yaliyobaki huoza taratibu, ngozi inakuwa ya manjano, inakauka kama karatasi na kuvunjika manyoya yakichomolewa. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, ibane kwa pini kwenye kadibodi manyoya yakiwa chini, nyunyiza unga wa boraksi upande wa ngozi, na ikauke kivulini wiki moja au mbili. Kisha ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza wiki mbili, itoe siku chache, irudishe tena, ili mayai ya nondo, wadudu walao manyoya, yaliyosalimika mara ya kwanza yafe ya pili.

Hao thelathini ulio nao bado wana kazi. Manyoya laini yenye utando yanatafutwa kwa nzi wa kuzama na wale wakubwa wa kuigiza samaki wadogo, na ngozi za tetea pia. Kenya ina kazi ya kufunga nzi kwa mkono ya kusafirisha Ulaya na Marekani; peleka ngozi mbili zilizokaushwa vizuri kwa mfungaji mmoja umwombe azifungie mbele yako. Ukitaka kuvusha mipaka, uliza kwanza daktari wa mifugo wa serikali kuhusu cheti, maana nchi nyingi hufunga mlango kwa manyoya mara homa ya mafua ya ndege inapotajwa.