Toleo la Pili la Gemu: Cha Kubakiza na Cha Kugusa

Ukikabidhiwa mwendelezo wa gemu, usianze na orodha ya vitu vipya. Anza na pedi mkononi. Cheza toleo la kwanza huku ukijirekodi, kisha kata vipande kumi vya sekunde 30 kutoka sehemu tofauti: mwanzoni, katikati, kwa bosi (adui mkuu wa hatua), na pale unapozurura tu. Kwa kila kipande andika vitufe vyote vilivyobonyezwa. Vitendo vinavyojirudia karibu kila mahali mara nyingi ni vitatu hadi vitano. Hivyo ndivyo vitenzi vya gemu: kuruka, kulenga, kukaba, kujenga. Kando ya kila kitenzi andika kinakula nini: risasi, muda, nafasi kwenye begi, au usalama wa mchezaji. Hicho ndicho kizuizi.

Kiini cha uchezaji ni hivyo viwili vikiwa pamoja. Wanaoanza kazi hii huandika vitenzi na kusahau vizuizi, na hapo ndipo mwendelezo huharibikia. Mchezaji hulalamikia kizuizi kwa sauti kubwa, kumbe ndicho kinachompa utamu. Ukimlegezea mahali, mtoze mahali pengine. Kila badiliko unalopendekeza liandike katika mstari mmoja wenye sehemu tatu: kinachoongezwa, kinacholegea, na kinachotozwa. Sehemu ya tatu ikibaki tupu, badiliko hilo halijaiva.

Mfululizo wa gemu za kutisha wa Resident Evil, wa kampuni ya Capcom, ndio darasa zuri kuliko yote, kwa sababu umegeuzwa mara nyingi na bado unatambulika. Toleo la 1996 lina kamera zilizofungwa mahali pamoja, kila chumba na pembe yake. Mhusika hugeuzwa kwanza ndipo atembee, mithili ya kifaru cha vita. Unachagua mhusika mmoja kati ya wawili: Chris ana nafasi 6 za mizigo, Jill ana 8. Kuhifadhi ulipofika kunahitaji utepe wa wino wa mashine ya taipu, na tepe zenyewe ni za kuhesabika. Ili kupiga risasi unashikilia kitufe cha kulenga, na hapo hapo miguu inasimama.

Resident Evil 4 ya 2005, iliyoongozwa na Shinji Mikami, iliihamishia kamera nyuma ya bega la mhusika. Tepe za wino zikaondolewa. Mizigo ikaingia kwenye sanduku lenye viraba, ambamo bunduki kubwa inakula viraba vingi na yai linakula kimoja. Ukisoma orodha hiyo utadhani ni gemu nyingine kabisa. Lakini kitu kimoja kiliachwa palepale: ukilenga, unasimama. Kamera mpya ilimpa mchezaji uwezo wa kuchagua kichwa au goti, basi maadui wakaongezwa, wakaja kwa makundi. Ukimpiga adui goti anayumba, unamsogelea na kumpiga teke. Teke linaokoa risasi, ila linakuingiza katikati ya wenzake. Uhuru wa jicho ulilipiwa kwa miguu iliyofungwa na kundi linalokuja.

Ilipofika Resident Evil 6 mwaka 2012, mchezaji aliruhusiwa kutembea akilenga, kujirusha chini na kupiga akiwa amelala. Kizuizi kililegea na kilichowekwa badala yake hakikutosha, kwa hiyo hofu ikayeyuka. Toleo la 7, mwaka 2017, liligeuza kamera tena, safari hii ikawa machoni mwa mhusika. Hata hivyo mashabiki wa zamani walijiona wamerudi nyumbani: mizigo michache, milango iliyofungwa, funguo za kutafuta. Toleo la 2 lilipoundwa upya mwaka 2019 unaweza kutembea ukilenga, lakini alama ya shabaha hubana vizuri pale tu unaposimama. Toleo la 4 lilipoundwa upya mwaka 2023, unatembea ukilenga na kisu kinaweza kuzuia mapigo, ila kisu hicho kinachakaa na lazima kitengenezwe. Deni ni lilelile, linalipwa kwa sarafu tofauti. Rudia matoleo haya kwa mpangilio huo, saa moja moja kwa kila moja, na daftari mkononi.

Ukiambiwa mwendelezo utoke haraka kwa injini ileile (programu ya msingi inayoendesha gemu), tazama Doom II, gemu ya kupiga risasi ya 1994, iliyotoka mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza. Silaha mpya ilikuwa moja: shotigani ya midomo miwili. Ile ya kawaida inatumia gololi 1 (risasi nzima ya shotigani) na kutoa chembe 7. Hii inatumia 2 na kutoa chembe 20. Piga hesabu: ukiwa karibu, kila gololi inazaa chembe 10 badala ya 7. Ni faida kubwa mno kama ingeachwa bila malipo. Malipo yake ni mtawanyiko mpana unaokulazimisha kusogea, na muda mrefu wa kujaza tena. Kisha wakaletwa maadui wanaowaadhibu wanaosogea hovyo na wanaosimama wazi: Revenant mwenye makombora yanayokufuata, askari wa bunduki ya mfululizo anayekumaliza kutoka mbali, na Arch-vile anayefufua waliokufa na kukuunguza maadamu anakuona. Kwa hiyo ukibuni silaha mpya, iweke kwanza kwenye ramani ya zamani yenye maadui wa zamani. Ramani itakuwa rahisi kupita kiasi, nawe utaona wazi ni adui wa aina gani anayekosekana.

Malalamiko ya wachezaji yanahitaji moyo mgumu kidogo. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017 ililaumiwa sana kwa silaha zinazovunjika. Njia ya mkato ilikuwa kuondoa uvunjikaji. Nintendo hawakuondoa. Katika Tears of the Kingdom ya 2023, silaha nyingi zimeoza na ni dhaifu zaidi, lakini mchezaji amepewa uwezo wa kuunganisha: fimbo na jiwe, upanga na pembe ya adui. Uchafu uliokuwa umejaa kwenye begi ukawa na thamani, na silaha ikivunjika unawaza utaunda nini badala ya kusikitika. Lawama ilijibiwa kwa kitenzi kipya, kizuizi kikabaki. Ramani ya Hyrule, nchi ya gemu hizo, nayo ilibaki karibu ileile juu ya ardhi, ila uwezo mpya ulibadilisha namna ya kuipita.

Na ukigusa kizuizi, ujue kina mizizi. Civilization V, gemu ya kujenga dola ya 2010, iliacha desturi ya kurundika majeshi mengi kwenye eneo moja la ramani. Ikaweka kikosi kimoja cha vita kwa kila eneo, na maeneo yakawa ya pembe sita. Vita vikawa vitamu kwa macho ya binadamu. Lakini ramani ingejaa vikosi upesi, hivyo uzalishaji ulihitaji kwenda polepole, na miji ikawa na kazi chache za kufanya. Kompyuta nayo ilipata shida kupanga majeshi kwenye njia nyembamba. Sheria moja ya vita ilifika mpaka kwenye uchumi. Kabla ya kukubali badiliko la aina hiyo, chora mistari: sheria hii inagusa bei zipi, kasi ipi, akili ya adui ipi? Wengi husikia kanuni ya Sid Meier, mwanzilishi wa mfululizo huo, ya theluthi tatu (moja ibaki, moja iboreshwe, moja iwe mpya) na kuichukua kama tiba. Inasaidia kupanga kiasi cha kazi. Haikuambii ni theluthi ipi iguswe.

Kuondoa kitenzi kikuu ni jambo jingine kabisa, na hapa tunakusihi uwe mwoga. Kampuni ya Valve walipoanza Portal 2, gemu ya mafumbo ambayo kitenzi chake ni kufungua milango miwili, unaingia mmoja na kutokea mwingine, walijaribu toleo lisilo na milango hiyo kabisa, lenye ufundi mwingine uliojengwa juu ya kamera. Waliojaribu waliuliza milango iko wapi, na GLaDOS, kompyuta adui wa gemu ya kwanza, yuko wapi. Gemu iliyotoka mwaka 2011 ilirudisha vyote viwili. Chunguza walivyoongeza vitu: jeli ya rangi ya machungwa inayoongeza kasi, ya buluu inayodundisha, madaraja ya mwanga. Vyote vinapita kwenye milango ileile, na hakuna kitufe kipya ulichopaswa kujifunza ili kuvitumia. Kama uko kwenye timu ya watu watatu na bajeti ndogo, iga hilo kabla ya jingine lolote.

Wapo waliobadilisha kitenzi na wakasalimika. Super Mario Bros. 2 iliyouzwa Marekani mwaka 1988 ilitengenezwa kutoka gemu nyingine ya Kijapani, Doki Doki Panic, na humo kumrukia adui hakumuui. Unang'oa mboga na kumrushia. Ilipendwa. Lakini Super Mario Bros. 3 ilirudi kwenye kukanyaga.

Mfano ambao wachezaji wa huku wameushika kwa mikono yao ni FIFA 12, ya 2011. Kabla yake, beki alikaba kwa kitufe kimoja: unakishikilia, anamkimbiza mwenye mpira na kupora mwenyewe. FIFA 12 iligawa kitendo hicho mara mbili. Kitufe kimoja cha kumzuia mshambuliaji ukiwa umeacha nafasi, kingine cha kuingiza mguu kwa wakati wake. Ukiwahi au ukichelewa, umepitwa. Ukabaji wa zamani uliachwa kwenye mipangilio kwa wanaoutaka. Uamuzi huo ni mzuri kwa mtu anayecheza peke yake, ila unaleta ugomvi wawili wanapokaa kwenye kochi moja, hasa kibandani ambako aliyefungwa ndiye anayelipa. Ukibakiza njia ya zamani, amua mapema kama itaruhusiwa kwenye mechi za watu wawili, na uonyeshe kwenye skrini kabla ya mechi nani anatumia ipi.

Sasa namba, maana mwendelezo mwingi huharibika bila mtu kukusudia kubadilisha chochote. Timu inahamia injini mpya, inanakili thamani zilezile, na gemu inakuwa "nzito". Sababu ya kwanza ni hatua ya fizikia, yaani kila mara injini inapokokotoa upya mwendo wa vitu. Injini ya Unity huja ikiwa imepangwa sekunde 0.02, yaani hatua 50 kwa sekunde. Injini ya Godot huja na 60. Kama msuguano uliandikwa kuwa "zidisha mwendo kwa 0.9 kila hatua" kwenye hatua 60, kwenye hatua 50 mhusika atateleza zaidi. Ibadili iwe 0.9 kwa kipeo cha 60/50, sawa na 0.881.

Kuruka usikunakili kwa thamani ya mvutano (nguvu inayomvuta mhusika chini). Pima vitu viwili kwenye gemu ya zamani: kimo cha juu kabisa na sekunde za kukifikia. Mvutano ni kimo mara mbili ukigawa kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Kasi ya kuanzia ni kimo mara mbili ukigawa kwa muda. Kimo cha vigae 4 (viraba vinavyojenga ramani) kwa sekunde 0.4 kinakupa mvutano wa 50 na kasi ya 20. Pima kushuka kando, kwani gemu nyingi huongeza mvutano mhusika anapoanza kushuka, na ukikosa hilo atapepea kama karatasi.

Kuna pia huruma zilizofichwa. Gemu nzuri ya kuruka humruhusu mchezaji aruke hata zikiwa zimepita fremu chache (picha moja moja za skrini) tangu avuke ukingo, na hukumbuka kitufe kilichobonyezwa kidogo kabla ya kutua. Mara nyingi ni fremu 4 hadi 8, kwa gemu ya fremu 60 kwa sekunde. Hazimo kwenye hati ya muundo. Zimo kwenye msimbo wa mtu aliyeziweka usiku mmoja na kuondoka. Zitafute kabla ya kuandika upya.

Ucheleweshaji upime kwa simu yenye kurekodi fremu 240 kwa sekunde. Weka kidole na skrini kwenye picha moja, hesabu fremu tangu kitufe kibonyee mpaka mhusika asogee. Kila fremu ni kama milisekunde 4.2. Rudia mara kumi, kwa televisheni ileile, ikiwa kwenye hali ya gemu. Toleo jipya likizidi la zamani kwa milisekunde 30 na zaidi, tengeneza hilo kwanza kabla ya kugusa namba nyingine yoyote, la sivyo utakuwa unarekebisha kuruka ambako hakuna kosa.

Kwa majaribio, ita watu watano walioicheza ya kwanza na watano wasioijua. Wa zamani usiwape maelekezo. Dakika kumi za mwanzo usitazame skrini, tazama vidole gumba. Wote watano wakibonyeza kitufe cha zamani kwa mazoea, kosa si lao. Kama lazima kitufe kihame, basi pale kilipokuwa weka kitendo kisicho na madhara. Usiweke bomu la mkono mahali palipokuwa pa kujaza risasi.

Na toleo la zamani lihifadhiwe likiwa linafunguka: msimbo, toleo kamili la injini, na jedwali la namba zake kwenye faili moja. Mara moja kwa wiki lifungue kwenye televisheni ya pili kando ya jipya, mtu mmoja acheze hatua ileile kwa zote mbili, na anayeandika asiwe yule aliyetengeneza badiliko la wiki hiyo.